Mabati ya Kuzuia Upepo

Quakers Hill,
Jumamosi jioni

Mwanangu Riziki,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na baba yako amesinzia. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma kwa sababu ndani bado kuna joto, na pia kwa sababu sanduku lako liko sebuleni na siwezi kuandika huku linanitazama. Najua hii utaisoma polepole, midomo ikicheza, kama unavyofanya siku ukipangiwa kusoma Neno kanisani. Isome hivyo hivyo. Kiingereza changu ni cha kazini na cha hospitali, hakina mahali pa kuweka mambo haya.

Habari za kula vizuri na kufunga mlango sitakuandikia. Tangu baba yako augue, mlango wa nyumba hii umekuwa ukiufunga wewe, na kama wale wasichana wa Kikenya utakaokaa nao Kensington, karibu na chuo, wana akili, watajifunza kwako.

Juzi ulipokuwa unamkata baba yako kucha uliniambia, bila kuinua uso, "Mum, I can still defer. One more year," yaani chuo bado unaweza kukiahirisha mwaka mmoja zaidi. Nikakujibu kwamba chai inapoa. Jibu langu la kweli ni hili ninaloandika, na ili ulielewe lazima nikusimulie habari ya yale mabati pale nyuma.

Unayaona kila siku ukianika nguo. Unajua kwamba mama yako aliyasimamisha peke yake Agosti mwaka jana, upepo ukayaangusha kidogo, na mzee Frank wa jirani akaja kusaidia. Uliporudi kutoka kazini siku ile ulitukuta tunakunywa chai, mimi nimefunga kitambaa mkononi, nikakuambia ni mafuta ya kukaangia. Ukasema ningekungoja. Ukaenda kuoga. Nilikuacha uende kuoga, na tangu siku ile sijakusimulia lolote.

Pipa lile la kubanikia nyama unajua jinsi baba yako alivyolipenda. Aliliomba kule ghalani alikofanya kazi, Seven Hills, likiwa limebaki tupu, akalisugua, akalichoma moto ndani hadi harufu ikaisha, akalitoboa matundu ya hewa chini na kulikatia mfuniko. Kwao, mjini Baraka, walibanika samaki wa ziwani. Hapa akageukia mbuzi. Jumamosi ulikuwa ukiamka unakuta nyumba nzima inanukia moshi, na yeye yuko nje na kofia yake ya sufu, anaongea na moto kama anaongea na mtu mkaidi.

Shida ilikuwa upepo. Nyuma yetu hakuna nyumba, ni ule uwanja tu hadi kwenye reli, na Agosti ikifika upepo wa magharibi unaingia bila kupiga hodi. Unapuliza matundu ya chini, moto unaruka, nyama inaungua nje na ndani bado mbichi. Unageuka kidogo, pipa linapoa, kuni zinakwisha. Basi baba yako alikuwa anasimama upande ule wa upepo, koti limefunguliwa, mikono mfukoni akilitanua. Saa nzima. Nilimcheka dirishani. Akaniambia, "Mama Riziki, nitalijengea nyumba yake." Akakusanya mabati kwa jirani mmoja aliyekuwa anabomoa kibanda cha gari, na nguzo za chuma zile za kushindilia ardhini, akaviegemeza vyote kwenye banda la vifaa. Halafu kiharusi kikamkuta. Mabati yakabaki pale pale, majani yakaota kati yake.

Mwaka uliofuata unaujua upande wako. Upande wangu sikuwahi kukuambia. Nilipoacha kazi nimtunze, nilidhani ni kwa muda. Nilijifunza sauti zote za nyumba hii. Friji ikinguruma, bomba likigonga, treni ikiondoka stesheni. Hiyo ya treni ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa nimeshika beseni la maji nikawa nawafikiria waliomo, wameketi tu, wanapelekwa. Dukani nilikwenda mbio na kurudi mbio. Akina mama wa kanisani walipopiga simu kwamba wanakuja, niliwaambia amelala. Walipokuja hata hivyo, niliongea nao mlangoni. Sikutaka wamwone mate yakimtoka. Mwisho wakaacha kuja, na nikawalaumu kwa kuacha.

Kule kambi ya wakimbizi tulizaliwa ndani ya uzio, wewe ulikuwa mdogo hukuuona vizuri. Kutoka nje mpaka upate kibali, na ukikosa kibali unakaa. Nilikaa humo hadi nikawa mtu mzima, na nadhani kukaa kulinizoea. Kuna watu wanabanwa, wanapiga kelele. Mimi nikibanwa najipanga vizuri nitoshe.

Ilipofika Agosti baba yako akaacha kula. Unakumbuka. Kijiko kikifika anafunga mdomo, na yale macho yake. Yule dada wa afya anayekuja kumpima akanivuta pembeni akasema kwa upole, "Akiendelea hivi, itabidi tuzungumze juu ya mahali pengine." Mimi nimefanya kazi mahali pengine kama hapo, Riziki. Nimewaosha watu huko. Nimewalisha huku nikiangalia saa, kwa sababu chumba cha pili kuna mwingine anangoja. Wafanyakazi si wabaya. Nilikuwa mmoja wao, sikuwa mbaya. Lakini nilijua atakaa pembeni ya dirisha na neno lake moja, lile "haya" lililobaki, na hakuna atakayejua kwamba haya ya asubuhi maana yake ni chai na haya ya jioni maana yake ni kuogopa.

Siku moja asubuhi, umeshaondoka kwenda kazini, nilimsogeza kwenye mlango wa kioo apate jua. Akawa anatazama pipa. Anatazama tu. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Amemeza mate. Dada wa afya alikuwa amenifundisha kuangalia koo lile, nami nikaona kitu ambacho vijiko vyangu vyote havikukileta.

Nikasema leo. Kwenye friji kulikuwa na bega la mbuzi ulilolinunua Blacktown. Niliwaza nitalibanika taratibu hadi lilainike, nilikatekate liwe kama uji, nimpe na supu yake. Upepo ulikuwa umeanza tayari, lakini nikasema nitajenga ile nyumba ya pipa kwanza.

Nilivaa buti za baba yako na glavu zake. Nguzo nilizipigilia kwa nyundo kubwa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki ile, zikaingia kama kisu kwenye siagi, na mimi mjinga nikafurahi. Nguzo inayoingia kirahisi inatoka kirahisi, sasa najua. Nikasimamisha mabati, bati la magharibi, bati la upande wa uzio, na upande wa kusini nikautegemea ukuta wa banda lenyewe. Nikayafunga kwa waya. Upande wa nyumbani nikauacha wazi. Nikawasha moto, nikaweka nyama, nikamtazama baba yako kule kiooni, nikampungia mkono. Nilikuwa na furaha, mwanangu. Nilihisi kama nimefanya jambo.

Lakini upepo ukigonga ukuta wa nyumba ulikuwa unarudi na kuingia kwa ule upande wa wazi. Moshi ukawa unazunguka. Nikakasirika. Nikachukua bati la mwisho, nikaingia nalo ndani, nikaufunga na upande huo pia. Nilijiachia upenyo mdogo tu wa kutokea, karibu na uzio. Nikawaza, sasa upepo utapita wapi?

Moto ukaanza kufa. Moshi ukawa mzito, wa njano, unawasha macho. Nikafikiri matundu ya chini yameziba majivu, na matundu yale yako upande wa magharibi, nyuma ya pipa. Nikajipenyeza huko, nikachuchumaa na kijiti. Hapo ndipo upepo mkubwa ulipokuja. Nilisikia waya ukilia, nguzo ikalala kwenye matope, na bati lote la magharibi likaniinamia mgongoni. Ukingo wake ukaegemea pipa na kuziba njia niliyoingilia.

Sikuumia mara ile. Nilikaa tu, nimechuchumaa, bati mgongoni, banda ubavuni, pipa la moto mbele ya uso. Nikasukuma kwa mgongo. Upepo ulikuwa nje umelilalia bati kama mtu mnene. Nikasukuma tena nikateleza, mkono ukagusa pipa, ndilo lile kovu. Simu ilikuwa mezani jikoni. Moshi haukuwa na pa kwenda ukawa unakuja kwangu.

Sikupiga kelele, na hili ndilo nilitaka ulijue. Mzee Frank alikuwa ng'ambo ya uzio, nilikuwa namsikia akisafisha kitu kwa maji. Hatua chache tu. Lakini miaka iliyopita aliwahi kuja mlangoni kulalamika kwamba moshi wetu umeingia kwenye shuka zake, na toka hapo tulikuwa hatusalimiani. Nilikaa pale nakohoa ndani ya kiwiko changu ili asinisikie. Unaelewa? Naungua, na ninaona aibu kusikika. Nikajiambia upepo utatulia. Nikajiambia Riziki atarudi. Nilijua unarudi jioni, na ilikuwa bado hata mchana haujafika.

Kisha nikasikia mtu anaita, "Zawadi!"

Sikuijua ile sauti. Ilikuwa nzito, imekwaruza, kama ya mtu anayeamshwa. "Zawadi! Zawadi!" Tangu uzaliwe baba yako hajaniita hivyo. Kwake mimi ni Mama Riziki, hata tukiwa wawili chumbani. Na tangu augue hakuwa amenena ila ile haya. Alikuwa ameufungua mlango wa kioo kwa mkono wake wa kushoto na kuegemea mbele kwenye kiti cha magurudumu hadi mkanda ukamkata tumboni, na alikuwa analiita jina langu la usichana hadi uwanjani.

Maji kwa jirani yakasimama. Nikasikia uzio unatikisika, mtu anaruka, mzee wa umri ule. Frank aliingiza sululu chini ya bati akalinyanyua, akanishika kwapa akanivuta kama anavuta gunia. Tukakaa wote wawili kwenye majani tunakohoa. Alikuwa amekasirika. Akasema, "Nilikuwa pale pale. Kwa nini hukuniita?" Akamtazama baba yako kule mlangoni, akauliza, "Anaita Zawadi, Zawadi. Huyo Zawadi ni nani? Kuna mtu mwingine humo ndani?"

"Ni mimi," nikasema.

Amekaa jirani yetu miaka yote hiyo. Akalirudia jina mara mbili hivi, polepole, alipate vizuri, na mimi nikaanza kulia, nikamwambia ni moshi.

Nilitaka kubomoa kila kitu. Nilikuwa nimeshashika waya. Baba yako akaanza kugonga kiti. Ananyoosha mkono wa kushoto, anauonyesha upande wa nyumbani, lile bati la mwisho, anasukuma hewa kwa kiganja. Mimi nikadhani anaogopa, nikaenda kumfunika blanketi. Akalitupa. Frank ndiye aliyeelewa. "Anataka lile litolewe," akasema. "Muulize." Riziki, ilikuwa imepita zaidi ya mwaka sijamuuliza baba yako kitu. Nilikuwa namwambia. Sasa tunakula, sasa tunaoga, sasa tunalala. Nikamuuliza, "Baba Riziki, nilitoe?" Akasema, "Haya." Akaonyesha chini, akaweka kiganja juu ya kiganja kuonyesha nafasi. Frank akasema, "Anataka mabati yainuliwe, hewa ipite chini."

Basi tukajenga upya siku ile ile, mzee mzungu na mimi, na msimamizi wetu kwenye kiti. Frank alileta nguzo ndefu zaidi na vyuma vya kuegemezea, akamimina mawe madogo kwenye mashimo. Tukayasogeza mabati mbali na pipa, mtu apite akiwa amesimama. Chini tukaacha nafasi ya tofali. Upande wa nyumbani ukabaki wazi. Upepo uliorudi kutoka ukutani uliendelea kurudi, ukawa unapeperusha moshi kidogo, na hakuna kilichoharibika.

Nyama ya siku ile ilikuwa chungu, tuliitupa. Jumamosi iliyofuata nilibanika nyingine na baba yako akala bakuli dogo. Ulikuwepo, ulipiga picha. Kesho yake alifunga mdomo tena. Kesho kutwa akala. Ndivyo ilivyo hadi leo, dada wa afya amenyamaza kidogo kuhusu mahali pengine, lakini hajasahau na mimi sijasahau. Na jina langu hajaliita tena. Nimengoja. Wakati mwingine namwacha mlangoni naenda nyuma ya mabati nasimama kimya, mtu mzima mimi, nasikiliza kama ataita. Haniiti. Halafu narudi ndani kumbadilisha.

Nakuambia haya ili usije ukadhani siku ile ilitufungua. Bado niko humu humu. Asubuhi nikiamka, kabla sijakumbuka kitu chochote, kifua kinanikaza, na kisha ndipo nakumbuka ni kwa nini. Nampenda baba yako. Kuna siku namchukia, kwa dakika chache, ninapombeba. Vyote viwili ni kweli na hakuna aliyeniambia kwamba vinaweza kukaa katika nyumba moja. Ukija kujikuta mahali kama hapo, na mume au na kazi au na mtoto, usishangae na usijione mbaya. Ila ita. Ita kabla hujaanza kukohoa ndani ya kiwiko. Usijichagulie nani anastahili kukusikia. Mimi nilimchagua mtu wa kutoniokoa kwa sababu ya shuka.

Na lingine. Mwaka ule uliposema hutakwenda chuo, utabaki unisaidie, nilikuambia sawa, kwa sauti ya mtu anayekubali kwa shida. Nilikwenda bafuni nikafungulia maji nikamshukuru Mungu. Nilifurahi hivyo. Wewe ndiwe uliyekuwa bati langu la mwisho, na nilikufunga mwenyewe kwa waya, nikiwa ndani. Sikukuona ukikosa hewa kwa sababu nilikuwa naangalia upepo.

Najua Kensington si mbali. Watu watanicheka, watasema ni treni moja na ile reli ya mjini, binti hajavuka bahari. Kwa mtu anayeweza kutoka nyumbani, si mbali. Umepanga kurudi kila Jumamosi, uje umwogeshe baba yako mimi nipumzike. Usirudi kila Jumamosi. Njoo ukiwa umetukumbuka, njoo na njaa, njoo na nguo chafu kama watoto wa wenzangu. Usije na zamu. Nimeshakubali waje wale wasaidizi wa Alhamisi wa kumhudumia baba yako, niliowakataa mara zote zile. Msichana wa kwanza amekuja kuonana nasi wiki iliyopita ulipokuwa kazini, Mrundi, mwembamba, anacheka ovyo. Alimwaga supu. Baba yako alimtazama vizuri, akasema haya. Sijui ni ipi kati ya haya zake.

Nina jambo la mwisho, na nakuomba hili ulisome mara mbili.

Itafika siku nitakupigia simu nikilia. Najijua. Itakuwa siku ambayo hajala, au ameanguka, au hakuna kilichotokea ila mvua tu. Nitakuambia nimechoka, siwezi, rudi nyumbani mwanangu. Nitalisema kwa namna ambayo hutaweza kula chakula chako. Pokea simu. Nisikilize hadi nimalize. Mpigie msichana wa Alhamisi, mpigie mama mchungaji, mpigie hata Frank, namba zao zote unazo. Lakini usifungashe sanduku. Anayelia kwenye simu atakuwa mimi kweli, hatakuwa anadanganya. Na anayeandika hapa kwenye ngazi, akili zangu zimetulia, jua bado lipo, hajachoka sana leo, huyu naye ni mimi. Tutakapogombana sisi wawili, Riziki, msikilize huyu.

Mama yako,
Zawadi